Maua Nyuma ya Picha Yangu

Niliandikiwa dawa mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nilipata nne, kisha nikaacha. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi sasa kwenye benchi la kliniki ya saratani, kadi mkononi, akiwaza kuacha kama nilivyowaza mimi. Sitakuambia uwe na nguvu. Niliambiwa hivyo na watu wengi, na kila mara nilitamani kumuuliza msemaji nguvu hizo zinapatikana duka gani. Nitakueleza tu nilivyoacha na nilivyorudi. Kilichonirudisha hakikuwa kitu cha kujivunia.

Kabla ya ugonjwa nilifanya kazi kwenye shamba la maua, juu ya Ruiri, upande wa mlima, ambako hata saa sita mchana unavaa sweta. Chuo kikuu nilisomea sanaa. Miaka minne ya kuchora na kusoma historia ya picha, halafu nikaajiriwa kutazama mawaridi yakifa. Sitanii. Mawaridi ya shamba lile hukatwa yakiwa bado yamefumba, hupangwa kwa urefu wa shina, kisha hupelekwa Uholanzi. Waridi likifunguka kabla ya kuondoka, hilo ni taka. Lakini katika kila mzigo tulibakisha mashina machache, tukayaweka kwenye vyombo vya maji katika chumba kimoja, ili tujue yangeishi siku ngapi mezani kwa mnunuzi. Chumba hicho kilikuwa changu. Kila asubuhi nilipita na kadi nikiandika: shingo imelegea. Petali zimeanguka. Madoa ya ukungu. Mwisho wa kadi kulikuwa na safu ya sababu ya kutupwa.

Ukutani kulikuwa na kalenda iliyotumwa na wanunuzi. Picha zake zilikuwa za wachoraji wa zamani wa Uholanzi, wale waliochora maua yaliyojaa kwenye chombo, mezani, nyuma yake giza tupu. Nilizijua picha hizo tangu chuoni. Mwalimu wetu alituonyesha pa kutazama: petali moja iliyoanguka mezani, nzi juu ya ua jeupe, jani lililotobolewa na kiwavi. Mchoraji, alisema, anamwambia tajiri aliyeinunua picha kwamba uzuri huu unapita, na wewe pia unapita. Tena maua yale hayakuwahi kukaa pamoja. Mengine ni ya mwanzo wa joto, mengine ya miezi mitatu baadaye. Mchoraji alikusanya michoro ya kila ua kwa wakati wake, akayaweka yote kwenye chombo kimoja kana kwamba yalichanua siku hiyo hiyo.

Niliinua mkono nikauliza, "Kama anataka kusema yanapita, mbona ameyachora yasipite?"

Mwalimu alicheka, akaniambia niandike insha. Niliandika, nikasifu hekima ya wale wachoraji, nikapata alama nzuri. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mwili usiouma popote.

Ugonjwa ulianza kwa kunipendezesha. Hilo hakuna aliyewahi kunionya, ndiyo maana nakuonya wewe. Nilipungua polepole, mashavu yakapata umbo, mifupa ya mabega ikatokeza kama ya wasichana wa matangazo. Rafiki yangu Kendi, Mmeru wa hapo hapo Ruiri ambaye kazi yake ilikuwa kupanga mawaridi kwa urefu, alinizunguka siku moja kwenye chumba cha kubadilisha nguo akipiga makofi.

"Marigu! Haki umekatika! Hicho kiuno umekitoa wapi?"

"Baridi ya kwenu imenila."

"Basi inile na mimi. Mimi inaninenepesha tu."

Nilicheka, nikajitazama kwenye kioo, nikajipenda. Miezi miwili nilisifiwa. Kisha Kendi alikuwa akinisuka Jumapili moja, vidole vyake vikasimama chini ya sikio langu.

"Hii ni nini?"

"Tezi tu."

"Tezi gani kama yai la kwale? Wewe, enda hospitali."

Kwenye kalenda yetu picha ya mwezi huo ilikuwa na tulipu nyeupe zenye milia myekundu, kama ndimi za moto. Chuoni tulifundishwa kwamba tulipu za milia ndizo zilizotafutwa kuliko zote, watu wakizigombania kama wendawazimu. Baadaye ikajulikana kwamba milia ile ilikuwa ugonjwa. Kirusi kiliingia kwenye kitunguu cha ua kilicho udongoni, kikalipamba huku kikilidhoofisha. Nilisimama mbele ya picha ile, jibu la maabara likiwa mfukoni, nikawaza juu ya watu waliosifu kiuno changu. Niliirarua? Hapana. Niliandika kadi za siku hiyo, nikavua koti, nikaenda nyumbani.

Nyumbani ni Siakago, kwa mama yangu, anayeuza ndengu na kunde sokoni. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama huniita "mami", kwa sababu nina jina la mama yake, na kwa desturi yetu mimi ndiye mama yake aliyerudi. Nilipomwambia ni saratani ya tezi, aliendelea kupepeta ndengu mpaka ungo ukabaki mtupu, akaupepeta ungo mtupu.

Dawa ya kwanza niliipata mvua za Machi zilipoanza, watu wakipanda. Siku moja kabla ya dawa nilikuwa naenda Embu mjini, nalala kwa shangazi, mtaa wa Majimbo, na asubuhi natembea hadi hospitali. Unatolewa damu, unangoja majibu. Damu ikiwa nzuri unangoja dawa. Ikiwa mbaya unarudishwa nyumbani, na utashangaa jinsi mtu anavyoweza kulia kwa kunyimwa sumu. Chukua benchi la upande wa mashariki, jua hufika hapo mapema. Beba kijiko chako cha mbao, kwa sababu kila kijiko cha chuma kitakuwa na ladha ya msumari. Na kama kuna nesi anayejaza maji moto kwenye chupa ya soda akuwekee mkononi ili mshipa uonekane, jifunze jina lake, mwite kwa jina hilo. Mimi nilikuwa na wangu. Sijui kama aliwahi kujua kwamba kwa miezi mitano yeye peke yake ndiye niliyemwamini.

Kwenye benchi hilo nilimkuta Mzee Nyaga, mchinjaji mwenye bucha upande wa kwetu. Alikuwa na saratani ya tumbo na mzaha usiokwisha.

"Msichana, mimi napima kwa macho miaka thelathini," aliniambia mara ya pili. "Wewe umepoteza kilo mbili tangu tuonane."

"Na wewe je?"

"Mimi sijipimi. Mchinjaji hajipimi, ataona aibu mbele ya mbuzi."

Dawa yenyewe ni nyekundu kama sharubati, na baadaye mkojo wako nao ni mwekundu. Nywele zangu zilitoka siku ya kumi na saba. Zilibaki kwenye mto kama kiota kilichoangushwa na upepo. Kope zilifuata. Mdomo ukawa na vidonda, nikawa siwezi kuvumilia harufu ya kitunguu kikikaangwa, Mama akahamishia moto nyuma ya boma. Alikuwa na mazoea ya kuimba nyimbo za kanisa akipika. Nilimwambia anyamaze, kichwa kinaniuma. Alinyamaza siku hiyo na siku zote zilizofuata, na kimya kile kilinikera kuliko nyimbo. Mchungaji alikuja, akauliza kama kuna mtu sijamsamehe. Nilimuuliza kama ana karatasi ya kutosha kuandika majina. Mama alimsindikiza hadi barabarani akiomba radhi.

Baada ya dawa ya tatu, ndengu zikiwa zimetoa maua, shingo yangu ilikuwa haishiki kichwa. Nilikaa kwenye kiti nje ya nyumba, kidevu kifuani, nikajisikia nikisema kwa sauti, "Shingo imelegea." Ilikuwa Jumapili. Hapo ndipo Kendi alipofika kwa bodaboda kutoka stendi, amekumbatia ndoo iliyojaa mawaridi.

Alikuwa ameomba ruhusa kwa msimamizi achukue yaliyofunguka, yale ya kutupwa. Mekundu, ya manjano, meupe yenye kingo za pinki, makubwa kama bakuli. Mwaka mzima na nusu kwenye shamba lile sikuwa nimewahi kuona mawaridi mengi hivyo yakiwa wazi kwa pamoja. Alikuwa amebeba na ile kalenda, ameikunja chini ya kwapa.

"Nimekuletea wagonjwa wako," alisema. "Wamekukosa."

Mama alitokea nyuma ya boma, akaiona ndoo.

"Ni nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni zawadi ya Marigu."

"Kwa mtu mzima anayepumua unaleta maua? Kwenu mnafanya hivyo?"

Kwetu, na kwa kina Kendi pia, maua ya ndoo hubebwa kwenda kaburini. Kendi alijua hilo tangu kuzaliwa. Lakini alikuwa ameshinda miaka mitatu akifunga mawaridi ya watu wa mbali wanaopelekeana kwa homa, kwa kuzaa, kwa kugombana na kupatana, na mahali fulani katika kazi hiyo alisahau kwamba sisi si wao. Alianza kueleza. Mama alimpokea ndoo kwa heshima, mikono miwili, akaenda nayo moja kwa moja hadi zizini, akawamwagia mbuzi. Nilitazama mbuzi wakila mawaridi ya kupelekwa Uholanzi. Walianza na yale ya manjano.

Hayakuishia hapo. Majirani walikuwa wameona pikipiki ikipita na maua ikielekea kwetu. Kufikia saa tisa wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuwa langoni, mmoja na mzigo wa kuni, wengine na mitungi ya maji, jinsi tunavyoenda kwenye nyumba ya msiba. Mama Njoki, jirani yetu, alikuwa ameshaanza kulia alipopita kona ya nyumba na kunikuta kwenye kiti.

"Kumbe uko!" alisema.

"Niko, Mama Njoki."

"Uko, uko kabisa?"

"Kwa sasa."

Walisimama na mizigo yao kichwani, hakuna aliyejua pa kuitua. Mwishowe Mama alisema kwa sauti kavu kwamba kwa kuwa kuni zimeshafika, basi zipike chai. Walikunywa chai ya matanga yangu, nikiwa nimeketi katikati yao. Kendi alilia njia nzima hadi stendi, aliniambia baadaye.

Mimi nilicheka siku ile. Nilijiona mjanja. Niliwaza, hawa wananizika kwa sababu ya ndoo ya maua, lakini Mama ameikataa ndoo. Mama yuko upande wangu. Nilishikilia hilo wiki tatu, nikaenda nalo kwenye dawa ya nne.

Baada ya dawa ya nne watu walikuwa wakivuna. Mama yuko shambani, mimi natetemeka kwa baridi kwenye jua. Niliingia chumbani kwake kutafuta blanketi zito, nikavuta sanduku lililo chini ya kitanda. Juu ya blanketi kulikuwa na bahasha kubwa ya studio ya picha ya mjini, na ndani yake mimi.

Ilikuwa picha yangu ya siku ya mahafali, imekuzwa, imetiwa fremu. Kwenye ile ya asili nimesimama kati ya Mama na shangazi, nyuma yetu foleni ya choo. Mtu wa studio alikuwa amewakata wote wawili, akaniacha peke yangu, akaondoa foleni. Mahali pake alikuwa ameweka maua. Mawaridi ya pinki yasiyo na mwiba, maua meupe makubwa nisiyoyajua, anga la buluu, yote yamechanua pamoja, yote wazi, hakuna hata moja ambalo lingepita mikononi mwa Kendi. Kila mtu wa kwetu anaijua picha ya namna hiyo. Ndiyo inayowekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ratiba ya mazishi, na ndiyo inayobebwa mbele ya jeneza.

Juu ya bahasha walikuwa wameandika tarehe. Ilikuwa wiki moja baada ya dawa ya kwanza.

Niliketi kitandani nikaitazama. Nywele. Kope. Shavu. Kiuno hakionekani kwa sababu ya joho. Sikulia. Nilifikiria ile ndoo, na jinsi alivyowamwagia mbuzi kwa hasira ya mtu anayepigania mtoto wake, kumbe alikuwa ameshaniwekea maua yangu sandukuni tangu mvua.

Dawa ya tano ilikuwa Jumanne. Jumatatu sikwenda Embu. Mama aliniandalia begi, nikaliacha mlangoni. Jumanne ikapita, na Jumanne ya pili. Shangazi alipiga simu, sikushika. Nilimwambia Mama nimechoka, basi, na kwa mara ya kwanza tangu nimwambie anyamaze, alipaza sauti.

"Umebakisha mbili! Mbili! Mtu analima shamba lote anaacha mistari miwili?"

Nilienda nikaleta fremu, nikaiegemeza ukutani mbele yake.

"Huyu hahitaji mbili. Huyu yuko tayari."

Mama aliitazama picha, kisha akatazama mikono yake. Ilikuwa na vumbi la maganda ya ndengu.

"Unakumbuka ratiba ya baba yako?" aliuliza.

Nilikumbuka. Hakukuwa na picha ya baba. Walichukua ile ya kitambulisho, yenye ukubwa wa kidole gumba, wakaikuza mpaka uso ukawa madoa meusi na meupe.

"Watu walikuwa wananiuliza kanisani, huyu ni nani," Mama alisema. "Nimeshika ratiba ya mume wangu, mtu ananiuliza huyu ni nani. Nikasema sitarudia. Nikasema, mami akienda, ataenda akiwa na uso."

"Kwa hiyo ulijua nitakufa."

"Sikujua. Kwani wewe unajua?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Njoo tuchague maua?"

Nilienda nje. Ningependa kukuandikia kwamba nilimwelewa, nikamkumbatia, nikarudi hospitalini kwa ajili ya mapenzi. Sivyo. Nilikuwa na hasira na yule msichana wa kwenye fremu, mwenye nywele zake na anga lake la buluu, anayengoja kwa subira mimi niondoke ili aanze kazi. Angebebwa mbele. Watu wangesema alikuwa mrembo. Niliamua kumharibia. Ijumaa nilienda Embu peke yangu, siku kumi baada ya tarehe yangu, kwa chuki tu.

Daktari alinigombeza kwa muda mrefu. Mzee Nyaga, ambaye dawa yake ilikuwa imeahirishwa hadi siku hiyo kwa sababu ya damu, alinisogezea nafasi juani.

"Nilidhani umeshatundikwa," alisema.

"Wamenitengenezea hadi fremu."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Mimi wangu wamekata mti," alisema. "Niliusikia ukianguka nikiwa ndani. Nikawauliza, hiyo ni mbao ya nini? Wakasema ni ya kutengeneza kabati."

Dawa ya tano ilinilaza wiki mbili. Ya sita ilicheleweshwa kwa sababu damu ilikuwa chini, nikaipata Agosti, ukungu wa baridi ukiwa bado haujaondoka mjini. Benchi la mashariki halikuwa na jua. Mzee Nyaga hakuwepo, na nesi wa chupa ya maji moto alipoona natazama nafasi yake, alitikisa kichwa tu, akaendelea kutafuta mshipa.

Picha za uchunguzi wa mwisho hazikuonyesha kitu. Daktari alisema, "Kwa sasa hakuna." Nilimuuliza "kwa sasa" ni siku ngapi. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Nimerudi mara nne. Kila nikirudi, mzee yule wa kabati anakuja kuketi nami kichwani, na sijui kwa nini ni yeye aliyeenda, si mimi.

Nywele zimeota, nyembamba na za kahawia, si zile za kwenye fremu. Kazini nilirudishiwa chumba changu na kadi zangu. Kalenda ilibaki Siakago. Mama ameitundika sebuleni ingawa mwaka wake umekwisha, anasema ni picha safi. Fremu yangu iko karibu nayo. Nilimwomba aitoe. Alisema akiitoa ataiweka wapi, sandukuni tena? Imekaa.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani na simu mpya. Mama alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa kitambaa chake cha kichwa cha buluu. Aliketi kwenye kiti changu cha nje, kile cha shingo iliyolegea, akanyoosha sketi juu ya magoti.

"Wewe ulisomea picha," alisema. "Nipige."

"Ya nini, Mama?"

"Ya nini, ya nini! Unauliza kila kitu. Nipige nikiwa bado na meno."

Nilijua ni ya nini. Naye alijua kwamba najua. Nilimsogeza kidogo ili jua lisimpige machoni. Nyuma yake kulikuwa na zizi, kamba ya nguo, na mbuzi mmoja aliyeinua kichwa kututazama.

"Nitoe hiyo mbuzi?"

"Wacha. Studio watamtoa, waweke maua."

"Hapana," nilisema. "Hii haiendi studio."

Akakubali kwa kidevu. Nilimwambia atabasamu kidogo. Alikataa. Nilimpiga hivyo hivyo, na mbuzi wake.